Mgeni Anapofika na Mbwa au Paka: Namna ya Kuandaa Malazi Yanayomfaa

Hoteli nyingi huandika katika matangazo yake kwamba wanyama wanaruhusiwa, kisha huona kazi imekwisha. Lakini mwenye mbwa au paka anapotafuta mahali pa kulala, jambo la kwanza analolitafuta si bakuli lenye nembo ya hoteli wala biskuti za kumpokelea mnyama wake, anatafuta uhakika. Anataka kujua, kabla hajalipa na kabla hajafunga safari, kwamba mnyama wake atapokelewa, kwa masharti yapi na kwa gharama ipi, na kwamba chumba atakachopewa hakitamdhuru mnyama huyo wala kumgombanisha yeye na wageni wa vyumba vya jirani. Mwongozo huu ni wa mwenye hoteli, msimamizi wa nyumba ya wageni na yeyote anayepangisha vyumba kwa wasafiri, ambaye amekwisha kuamua kuwapokea wageni wa namna hii na sasa anataka kulifanya jambo hilo vizuri.

Masharti yaandikwe kabla mgeni hajauliza

Andika masharti yako yote mahali pamoja, kwa lugha isiyoacha shaka. Eleza kama unapokea mbwa peke yao au paka pia, na vipi kuhusu sungura na ndege. Eleza ni wanyama wangapi wanaokubalika kwa chumba kimoja, kama kuna ukomo wa uzito, ni sehemu zipi za hoteli wanaweza kufika, kama wanaweza kuachwa peke yao chumbani, na ni hati gani za chanjo mgeni anapaswa kuja nazo. Jibu la "inategemea" linamsumbua mgeni kuliko jibu la "hapana", kwa sababu aliyeambiwa hapana hutafuta kwingine mapema, ilhali aliyeachwa njia panda huenda akaujua ukweli akiwa amekwisha fika mlangoni.

Ada ndiyo inayozaa malalamiko mengi, na mara nyingi chanzo chake si ukubwa wa kiasi bali ni maneno yaliyotumika. Mgeni mwenye mbwa wawili anayelala siku tatu akisoma tu "ada ya mnyama", anaweza kuielewa kuwa ni malipo ya mara moja, au mara tatu kama inahesabiwa kwa kila usiku, au mara sita kama inahesabiwa kwa kila mbwa kwa kila usiku. Andika basi hesabu yenyewe inavyofanywa, tena utoe mfano mmoja. Tenganisha pia amana na ada ya usafi: amana hurudishwa iwapo hakuna kilichoharibika, na ada ya usafi hairudishwi. Hoteli inayoziita zote mbili kwa jina moja inajitafutia ugomvi siku ya mgeni kuondoka.

Kuhusu uzito, ninashauri ukomo huo ufikiriwe upya. Hoteli nyingi huweka kiwango fulani cha kilo kwa imani kwamba mbwa mdogo ana usumbufu mdogo, lakini uzito hausemi lolote kuhusu tabia: mbwa mkubwa aliyezeeka anaweza kulala mchana kutwa bila kutoa sauti, na mbwa wa kilo 4 akabweka kila mtu anapopita ukumbini. Kampuni ya hoteli ya Kimpton ya Marekani imejijengea jina kwa kuwapokea wanyama bila kujali ukubwa wala uzito wao. Ukiona lazima uweke ukomo kwa sababu ya udogo wa vyumba, uweke, lakini uwe uleule kwenye tangazo, kwenye mfumo wa kuhifadhi nafasi na kwenye dawati la mapokezi.

Hilo la dawati halina budi kutiliwa mkazo. Mgeni amesafiri tangu asubuhi, amefika saa tano usiku, mbwa wake wa kilo 30 amejilaza miguuni pake, na karani wa zamu, ambaye hakuwapo siku masharti yalipobadilishwa, anamwambia kwamba mwisho ni kilo 15. Tangazo alilolisoma lilisema tu kwamba wanyama wanakaribishwa. Hana pa kwenda, na hata akikubaliwa baada ya simu mbili tatu kwa meneja, ameshaingia chumbani na kinyongo. Kinga yake ni nyepesi: nakala ya masharti iwe mapokezini kila zamu, taarifa za mnyama ziandikwe kwenye nafasi iliyohifadhiwa tangu siku ya kwanza, na mgeni atumiwe ujumbe wa kuthibitisha unaomtaja mnyama wake waziwazi.

Mbwa wanaowasaidia watu wenye ulemavu wako katika fungu lao, na mfanyakazi asiyelijua hili anaweza kuiingiza hoteli katika makosa ya kisheria. Nchini Marekani, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1990 inayolinda haki za watu wenye ulemavu, hoteli haiwezi kumtoza mgeni ada ya mnyama kwa ajili ya mbwa wa namna hiyo. Na pale ambapo kazi ya mbwa haijionyeshi yenyewe, mfanyakazi anaruhusiwa kuuliza maswali mawili tu, yaani kama mbwa anahitajika kwa sababu ya ulemavu na amefunzwa kufanya kazi gani. Haruhusiwi kudai cheti. Nchi nyingine zina sheria zake, na ni wajibu wa mwenye hoteli kuisoma sheria ya mahali alipo na kuwafundisha watu wake.

Kuchagua na kukagua chumba

Usitoe chumba chochote kilichobaki. Tenga vyumba vichache vya kudumu kwa ajili ya wageni wenye wanyama, ikiwezekana vya ghorofa ya chini, karibu na mlango wa kutokea nje, na mbali na lifti. Mbwa mzee mwenye maumivu ya nyonga hupata taabu kwenye ngazi, na mbwa yeyote akihitaji kutoka alfajiri hawezi kusubiri lifti ipande na kushuka. Lifti yenyewe ina hatari yake: mlango ukifungwa mtu akiwa ndani na mbwa akiwa bado nje, kamba iliyofungwa kwenye ukosi humnyonga. Chumba cha mwisho wa ukumbi kinafaa kuliko cha katikati, kwa kuwa kila nyayo zinazopita mlangoni ni sababu mpya ya kubweka.

Kisha ingia katika chumba hicho, piga magoti, na ukitazame kutoka pale kichwa cha mnyama kinapofika. Utaona vitu ambavyo mtu aliyesimama havioni: waya wa taa unaoning'inia nyuma ya kabati, kidonge kilichoangukia chini ya meza, pengo la vidole vinne kati ya kitanda na ukuta. Uvungu wa kitanda ndio mahali pa kwanza ambapo paka mgeni hukimbilia, na kitanda kizito kilichokaa chini sana kinaweza kumfanya mwenye paka akawie kuondoka, akiwa amelala kifudifudi huku anamwita mnyama aliyejibanza mahali mkono usipofika. Ama uzibe uvungu wote kwa mbao, ama uache nafasi ya kutosha mtu kuingiza mkono hadi ukutani. Nusu ya hayo mawili haimsaidii mtu.

Sumu ya panya iondolewe kabisa katika vyumba hivi na katika njia za kuvifikia. Sumu nyingi za aina hii huzuia damu kuganda, na dalili huanza kuonekana siku kadhaa baada ya mnyama kula, wakati ambapo mgeni ameshaondoka na hajui chanzo cha ugonjwa. Vifaa vya kufukuza panya kwa mawimbi ya sauti navyo vichomolewe: sikio la mtu huishia karibu na hezi 20,000, lakini mbwa husikia hadi kiasi cha 45,000 na paka hupita hapo, hivyo kifaa ambacho kwako kiko kimya huenda kwao ni kelele ya usiku kucha. Dawa za kunyunyizia wadudu zenye permetrini ni hatari kwa paka, na vilevile mafuta ya manukato yanayofukizwa chumbani, kwa sababu ini la paka halina uwezo wa kuvunja baadhi ya kemikali ambazo mbwa na mtu huzivunja bila shida. Maua ya lili yasiwekwe hata kwenye meza ya mapokezi. Majani yake, chavua yake na hata maji ya chombo chake vinaweza kuangamiza figo za paka.

Madirisha na roshani viangaliwe kwa mkono, si kwa macho tu. Paka huanguka kutoka ghorofani mara nyingi kiasi kwamba madaktari wa mifugo wana jina maalumu la majeraha hayo, na wavu wa mbu uliopachikwa kwa vibano vyepesi haumzuii paka aliyemwona ndege. Sukuma wavu kwa kiganja, ukilegea, haufai. Pima pia nafasi kati ya nondo za roshani, ukikumbuka kwamba mwili wa paka hupita mahali kichwa chake kinapopita.

Sakafu ina pande mbili. Vigae husafishika upesi, lakini mbwa mzee huteleza juu yake na miguu yake ya nyuma huachana. Zulia lililogandishwa sakafuni humpa mshiko lakini hunyonya kila kinachomwagika. Njia ninayoiona bora ni vigae pamoja na mikeka au mazulia madogo yanayoweza kutolewa na kufuliwa kila mgeni anapoondoka.

Vifaa vya kumpa mgeni si vingi. Shuka mbili za zamani lakini safi za kufunikia kochi na kitanda, taulo la kufutia miguu mlangoni, bakuli zito lisilopinduka, mifuko ya kuzolea kinyesi na ndoo yenye kifuniko vinatosha. Trei ya mchanga kwa ajili ya paka husahaulika karibu kila mahali, na wenye paka wanalijua hilo. Ukiwa nayo, itaje kwenye tangazo. Vitafunwa usivitoe bila kumuuliza mwenye mnyama, kwa kuwa wanyama wengi wana mzio au wako kwenye chakula maalumu.

Mlango wa chumba

Ukiwauliza wenye wanyama wanachokiogopa zaidi hotelini, wengi watakwambia ni mlango kufunguliwa na mtu mwingine. Mhudumu wa usafi anabisha mara moja, hasikii jibu, anafungua, na paka anapita katikati ya miguu yake akielekea ngazi asizozijua. Hakuna zulia zuri wala bakuli lenye jina la mnyama litakalofidia jambo hilo.

Kwa hiyo, mgeni anapofika, pangeni naye saa ya usafi: labda asubuhi anapomtoa mbwa matembezini, labda asitake usafi kabisa hadi siku ya kuondoka. Mpe kibao cha kutundika mlangoni kinachosema kwamba mnyama yumo ndani, na kiwe na rangi tofauti na kile cha kawaida cha kuomba utulivu. Chukua namba ya simu anayopatikana nayo muda wote. Waagize wahudumu, mafundi na watu wa jikoni kwamba chumba chenye kibao hicho hakifunguliwi bila mgeni kuwapo, hata kama bomba linavuja, mpaka apigiwe simu. Inafaa pia fomu ya kujiandikisha iwe na nafasi ya kuandika namba ya chipu ya mnyama, yaani kifaa kidogo cha utambulisho kinachowekwa chini ya ngozi yake, ambayo kwa kiwango cha kimataifa cha ISO huwa na tarakimu 15, kwani namba hiyo ikiwa karibu hakuna muda utakaopotea mnyama akitoroka.

Kuachwa peke yake

Hapa ndipo masharti ya hoteli nyingi yanapogongana na maisha. Mwenye hoteli anahofia kelele na uharibifu, hivyo anaandika kwamba mnyama asiachwe chumbani hata dakika moja. Kisha chumba cha kulia nacho hakiruhusu wanyama. Mgeni lazima ale. Atakachofanya, hasa akiwa peke yake, ni kumwacha mbwa ndani ya gari, na gari huua. Nje kukiwa na nyuzi 24 tu za Selsiasi, joto ndani ya gari lililofungwa juani linaweza kufika 34 kwa dakika 10 na kupita 40 kwa nusu saa, na mbwa hana njia ya maana ya kujipoza ila kuhema. Wale wenye pua fupi huzidiwa mapema zaidi.

Kwa maoni yangu, hoteli inayokataza mnyama kuachwa chumbani ina wajibu wa kutoa njia nyingine. Ruhusu muda mfupi, tuseme saa mbili, kwa mnyama aliye ndani ya kizimba chake cha safari, na mgeni awe ndani ya eneo la hoteli na simu yake iwe hewani. Au tenga meza kadhaa za ukumbi wa nje ambako mbwa aliyefungwa kamba anaweza kulala chini ya kiti. Au mletee mgeni chakula chumbani bila kumwongezea malipo. Lolote utakalochagua kati ya hayo, litakuwa limemtendea mgeni haki, na wenye mbwa hulikumbuka kuliko zawadi yoyote ya kuwakaribisha.

Malalamiko ya kelele yakija, mpigie kwanza mwenye mnyama. Kubisha mlango humzidishia mbwa hofu na sauti. Msaada unaofanya kazi mara nyingi ni kuwasha televisheni kwa sauti ya chini ili ifunike nyayo za ukumbini, na kumwachia mbwa blanketi kutoka nyumbani lenye harufu anayoijua.

Mahali pa kujisaidia

Mbwa atatoka angalau asubuhi, jioni na kabla ya kulala, na mara hiyo ya mwisho ni gizani. Basi taa ni muhimu kuliko bustani. Eneo liwe karibu na mlango, mgeni asilazimike kukatiza njia ya magari, na liwe na ndoo, mifuko na bomba la maji. Likizungushiwa uzio ni bora zaidi. Kinyesi kizolewe kila siku bila kukosa, kwa sababu kirusi cha parvo, kinachoua watoto wa mbwa, huweza kudumu kwenye udongo kwa miezi mingi. Hiyo pia ndiyo sababu ya kuuliza kuhusu chanjo, mbali na ile ya kichaa cha mbwa. Kama njia ya kufikia eneo hilo ni ya lami au saruji, iwe na kivuli, kwani sehemu ambayo mtu hawezi kuiwekea mgongo wa kiganja chake kwa sekunde kadhaa itaunguza nyayo za mbwa.

Usafi baada ya mgeni kuondoka

Wapo wanaodhani kwamba mwenye mbwa hajali sana usafi kwa kuwa amezoea manyoya. Ni kinyume chake. Mwenye mbwa ndiye anayeathirika zaidi na usafi wa juujuu, maana mbwa wake akinusa mkojo wa mbwa wa jana atataka kuufunika kwa wake, na lawama itamwangukia yeye. Mkojo uliomwagika kwenye kitambaa au zulia ushughulikiwe kwa utaratibu huu: ukandamize kwa taulo kavu mpaka lisiloe tena, wala usisugue, kwa sababu kusugua kunausambaza, kisha lowesha sehemu hiyo kwa sabuni yenye vimeng'enya, ifike chini kabisa mkojo ulikofika, na uiache kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, kwani vimeng'enya huhitaji muda na unyevu ili kuvunja asidi ya uriki. Usitumie sabuni yenye amonia, ambayo kwa pua ya mnyama hufanana na mkojo, wala mvuke wa moto, ambao huigandisha harufu katika nyuzi za zulia. Ukizima taa na kumulika kwa tochi ya mwanga wa urujuanimno, madoa ambayo macho hayakuyaona yatang'aa.

Viroboto vinahitaji umakini wa aina nyingine. Mayai yao hayashiki mwilini mwa mnyama. Hudondoka kwenye zulia na kwenye mianya ya sakafu, na baadaye pupa, yaani kiroboto ambaye bado hajakomaa, hujificha ndani ya kifuko chake kwa wiki au hata miezi, akisubiri joto na mtikisiko wa kiumbe anayepita. Hivyo chumba kilichokaa kitupu kwa mwezi bado kinaweza kumpokea mgeni kwa kuumwa. Fyonza vumbi kwa mashine kila kona, chini ya kitanda na ndani ya mikunjo ya kochi, kisha mfuko wa mashine utolewe nje ya jengo siku hiyohiyo.

Vilevile kumbuka wageni wenye mzio. Chembe zinazotoka kwa paka ni ndogo na nyepesi, huelea hewani kwa muda mrefu na kung'ang'ania vitambaa kwa miezi, na hiyo ndiyo sababu nyingine ya vyumba vya wanyama kuwa vya kudumu, visipewe mtu mwingine bila kuambiwa.

Siku ya dharura na siku ya kuondoka

Weka chumbani karatasi yenye jina, namba ya simu na maelekezo ya kufika kwa daktari wa mifugo aliye karibu na anayepokea wagonjwa usiku. Hakikisha wewe mwenyewe, kwa kupiga simu, kwamba bado yupo na bado anapokea. Mgeni katika mji asioujua, na mnyama anayetapika mikononi, hana muda wa kutafuta.

Siku ya kuondoka, kikague chumba pamoja na mgeni kabla hajapakia mizigo garini. Kama kuna kilichoharibika, kionyeshwe papo hapo, kipigwe picha, na gharama yake isemwe wazi. Hoteli kumkata mtu fedha wiki moja baadaye kwa doa ambalo hakulionyeshwa ni jambo linaloumiza na kumpoteza mgeni. Kama hakuna kilichoharibika, amana irudishwe palepale, na namba ya chumba iandikwe kwenye kumbukumbu zake ili akija tena apewe kilekile, kwa kuwa mbwa hutulia upesi zaidi mahali alipowahi kulala.